Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya majengo ya umma: herufi na nukta nundu zikae pamoja

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ujenzi na majengo ya Serikali, wenye dhamana ya masuala ya watu wenye ulemavu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA).

Salaam.

Mimi ni mtengeneza mabango. Karakana yangu iko Buguruni, Dar es Salaam, na kwa miaka 17 nimekuwa nikikata, kuchonga na kubandika vibao vya milango kwenye ofisi, zahanati, shule na vyuo. Nawaandikia kwa sababu ya nukta moja iliyong'oka.

Mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu hospitali. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka presha ya macho ilipommalizia nuru akiwa amevuka miaka 50. Hakukubali kukaa tu. Alijifunza nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, ukubwani, kwa taabu, vidole vikiwa tayari vimekomaa kwa jembe na chaki, na leo anasoma mwenyewe bila kumngoja mtu. Siku ile nilimwacha kwenye korido nikaenda dirishani kulipia. Akashikwa na haja. Akauliza njia, akaelekezwa hadi mlango wa maliwato, na pale akafanya kile alichofundishwa: akapapasa kibao. Vidole vikamwambia KE. Akaingia. Ndani mlikuwa na wanaume.

Nilimkuta ameegemea ukuta, fimbo yake ameikunja, hataki kusema. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo aliponiambia, "Mwanangu, kusoma najua. Kile kibao ndicho kilichonidanganya."

Siku ya pili nilirudi kukiangalia. Juu yameandikwa maandishi makubwa: ME. Chini yake kuna nukta nundu, na hapo ndipo nilipoona. Seli moja ya nukta nundu ina nafasi sita: tatu za kushoto, tunazihesabu 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, na tatu za kulia, 4, 5, 6. Herufi K ni nukta ya 1 na ya 3. Herufi M ni nukta ya 1, ya 3 na ya 4. Kinachotenganisha K na M ni kinundu kimoja tu, cha juu kulia. Kwenye kibao kile kinundu hicho kilikuwa kimeng'oka, pamebaki tundu dogo ambalo ukilitazama kwa haraka utadhani ni uchafu. Kwa asomaye kwa vidole, ME ilikuwa imegeuka KE. Kwa wauguzi, wafanya usafi, msimamizi wa jengo na wagonjwa wote wenye macho waliopita pale, kibao kilikuwa kizima, maana herufi kubwa zilisema ME.

Siwalaumu. Wangejuaje? Ukimwonyesha mtu anayeona safu ya nukta nundu, kwake ni vidoa. Ikipinduliwa kichwa chini hajui. Ikipungua nukta hajui. Ikiandikwa "stoo" kwenye mlango wa daktari hajui pia. Na yule anayejua hapiti pale kila siku, na akipita akakosewa, kama shangazi, huondoka na fedheha yake kimya kimya.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Miaka kadhaa nyuma mteja aliniletea mchoro wa vibao vya milango, chini ya kila jina kukiwa na nukta nundu. Nikavichapa kama nilivyovikuta kwenye mchoro, wino juu ya stika, laini kama kioo. Mteja akaridhika, akanilipa. Kibao kimoja kilichozidi kilibaki karakana, na shangazi alipokuja kunitembelea akakipitishia mkono. Nikamwambia hapo pana nukta nundu. Akapapasa tena, polepole, akauliza, "Nundu ziko wapi?" Vibao vingine 40 vilikuwa vimeshabandikwa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na neno la kusomwa na kidole. Nilimfuata mteja nikitaka kuvirudia kwa gharama yangu. Akaniambia havina tatizo, hajasikia malalamiko. Mpaka leo vipo.

Ninaloomba kwenu limetokana na hayo mawili. Nukta nundu kwenye majengo yetu huwekwa na watu wasiozisoma, hupokewa na watu wasiozisoma, na kutunzwa na watu wasiozisoma. Tukiendelea kuziweka peke yake chini ya maandishi, zitaendelea kufa bila mtu kujua zimekufa. Naomba tuziunganishe na herufi zenyewe.

Jambo hili si ndoto ya fundi wa Buguruni. Mwaka 2018 mbunifu wa Kijapani, Kosuke Takahashi, alitangaza fonti aliyoiita Braille Neue. Yeye hakuweka herufi juu na nukta chini. Alichukua seli ya nukta sita, akachora herufi ya kawaida ikipita juu ya nukta zilezile, na sasa jicho na kidole vinasoma mahali pamoja. Alitengeneza moja ya herufi za Kilatini na nyingine inayobeba pia maandishi ya Kijapani, na alikuwa akiilenga michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo 2020. Nchi hiyohiyo ndiko Seiichi Miyake alikobuni vigae vyenye vinundu vya kumwongoza asiyeona njiani. Vya kwanza viliwekwa mjini Okayama mwaka 1967, na leo vimeenea duniani.

Nilipoiona fonti ile sikulala. Nilichukua karatasi ya miraba nikaanza kujaribu alfabeti yetu. L ni nukta 1, 2 na 3: hiyo ndiyo nguzo ya L yenyewe. K ni 1 na 3, ncha mbili za nguzo yake. P ni 1, 2, 3 na 4, nguzo pamoja na kona ya kichwa. R ni 1, 2, 3 na 5, nguzo na pale mguu unapoanzia kuchepuka. U inakaa vizuri, M inakaa vizuri. Kuna zinazosumbua. A ni nukta ya 1 peke yake, juu kushoto kabisa, wakati A kubwa tuliyoizoea kilele chake kiko katikati. Na A ndiyo herufi Kiswahili kinachoitumia kuliko zote, kwa hiyo ukiikosea hiyo umekosea maneno mengi. I ni nukta ya 2 na ya 4, mshazari, huwezi kuisimamisha wima ikapita kwenye zote mbili. W ni 2, 4, 5 na 6, haifuati mpangilio wa jirani zake, kwa sababu mfumo huu ulizaliwa ndani ya Kifaransa cha miaka ya 1820, ambacho W hakikuihitaji, ikaja kuongezwa baadaye. Inayokaa vizuri kupita zote ni X, nukta nne kwenye kona nne, nayo hatuitumii.

Lakini tazameni tulivyobahatika. Kiswahili kina herufi 24, zote zimo tayari katika nukta nundu. Hatuna herufi zenye alama juu wala chini. Tunaandika tunavyotamka. Takahashi alilazimika kuoanisha maandishi ya Kijapani yanayoandikwa kwa silabi, na baadhi ya silabi hizo huchukua seli mbili katika nukta nundu. Sisi ni herufi moja, seli moja. CH itakuwa C kisha H. Vile vifupisho ambavyo wasomaji wazoefu wa nukta nundu huvitumia vitabuni havitaingia hapa, na kwenye mlango havihitajiki: CHOO, MAJI, DAWA, MAABARA, MAPOKEZI, KUTOKA.

Tarakimu zinataka akili zaidi. Nukta nundu hazina tarakimu zake. Huazima herufi A hadi J na kutanguliza alama ya namba, nukta 3, 4, 5 na 6. Chumba 12 kwa wino ni tarakimu mbili, kwa kidole ni seli tatu. Ile seli ya kwanza, ya alama ya namba, jicho litaona nini juu yake? Mimi naona tuweke "Na." ndogo, kama tunavyoandika kwenye stakabadhi. Lakini hilo si la fundi kuamua. Ndiyo maana nimewaandikia BAKITA.

Sasa niseme wazi mahali fonti hii inapofikia mwisho, kwa sababu nawajua wafanyabiashara wenzangu, na nisiposema mimi mtauziwa kitu kisichofaa. Herufi ya kawaida unaweza kuikuza mpaka ikajaa ukuta. Nukta nundu haikuzwi. Ncha ya kidole ina ukubwa wake, na seli lazima itoshe chini yake kwa mara moja. Viwango vya Marekani vya vibao vya majengo vinataka kati ya nukta na nukta ndani ya seli pawe na milimita 2.3 hadi 2.5, na kila nukta iinuke milimita 0.6 hadi 0.9. Ukichora herufi juu ya seli hiyo unapata herufi yenye kimo cha milimita sita au saba hivi. Viwango hivyohivyo vinataka herufi za kibao cha mlango zisipungue milimita 16. Kwa hiyo mtu akiwaletea bango la mita mbili lenye herufi zilizounganishwa na nukta kubwa kama vitufe vya shati, akawaambia hilo ni la wasioona, mjue hapo hakuna kinachosomeka kwa kidole. Ni pambo.

Mahali pa fonti hii ni pale mkono unapofika: kibao cha mlango, kitufe cha lifti, mkono wa ngazi, kisanduku cha dawa. Kwenye mlango neno kubwa libaki juu kwa wanaosoma kwa mbali, na chini yake, badala ya ile safu ya vidoa visivyo na msemaji, uwekwe mstari wa herufi zilizounganishwa. Hapo mfanya usafi anayepiga deki kila asubuhi ataona M yenye nukta mbili wakati M ya mlango wa jirani ina tatu. Hahitaji kujua nukta nundu. Anahitaji tu kuona kwamba herufi hii imepungukiwa na kitu, kama anavyoona kitasa kilicholegea.

Kwa habari ya dawa, wengi wenu mmeshashika kitu cha jamii hiyo bila kujua. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2004, unataka jina la dawa liwe katika nukta nundu kwenye kisanduku. Chukua kisanduku cha dawa iliyotengenezwa huko, kipapase: vinundu vimepita juu ya maandishi ya wino na hakuna anayelalamika, si msomaji wa macho wala wa vidole. Siri ni kwamba wino ni bapa. Kidole hakiuhisi.

Hilo la wino bapa naomba lisipuuzwe, kwa maana lina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 18, mjini Paris, Valentin Haüy alianzisha shule ya watoto wasioona na kuwachapishia vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa. Walimu wanaoona walizipenda, kwa sababu wao walizisoma kwa urahisi. Wanafunzi walizipapasa moja moja kwa mwendo wa konokono, maana umbo la herufi lilitengenezwa kwa ajili ya jicho. Ni katika shule hiyo ndipo Louis Braille, aliyepoteza macho akiwa mtoto mdogo kwenye karakana ya baba yake, alipochukua maandishi ya nukta 12 ya Charles Barbier akayapunguza hadi sita. Mwaka 1824 alikuwa na miaka 15. Mwaka 1829 alichapisha mfumo wake. Shule yenyewe ilikuja kuukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Muda wote huo wanaoona walikuwa wakiwachagulia wasioona kile kinachowafaa wanaoona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama fonti ya kuunganisha haiwezi kuturudisha kwa Haüy, namjibu kwamba inaweza, tukiitengeneza bila wasioona. Tukiinua herufi pamoja na nukta, kidole kitachanganyikiwa. Tukisogeza nukta nusu milimita ili A ipendeze, tumeharibu. Nukta zisiguswe hata kidogo. Herufi ndiyo ijikunje kuzifuata. Naye Louis Braille mwenyewe hakutaka ukuta kati ya maandishi haya mawili. Mwaka 1839 alichapisha njia ya kuandika herufi za kawaida kwa kuzichora kwa nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia barua ndugu anayeona, na rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akaunda mashine ya kuziandika. Wasioona walitujengea daraja upande wao zaidi ya miaka 180 iliyopita.

Waheshimiwa, wajibu huu hautoki kwangu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya Mkataba inataka majengo yaliyo wazi kwa umma yawe na alama za nukta nundu na zilizo katika namna rahisi kusomeka na kueleweka. Vyote viwili vimetajwa kwa pamoja. Lakini katika nyaraka za zabuni zilizopita mikononi mwangu, jambo lote hili hupewa maneno matatu: "pamoja na nukta nundu". Hakuna kipimo, hakuna kimo cha nukta, hakuna mahali pa kubandika. Mwenye bei ya chini anashinda, na bei ya chini ni wino juu ya stika. Nilishinda hivyo mimi.

TBS, toeni vipimo vinavyotamkwa ndani ya zabuni, vipimo ambavyo fundi anaweza kuvipima kwa rula yake na mkaguzi akavipima kwa yake. Semeni pia kibao kikae wapi. Kikibandikwa kwenye mlango wenyewe, mtu anapapasa huku mlango unafunguliwa usoni kwake. Kikae ukutani, upande wa kitasa, kwenye kimo cha kifua, na iwe hivyohivyo kila jengo, ili mkono usiwinde. Kataeni ME na KE, hata kama ni mazoea yetu ya miaka. Yaandikwe maneno kamili. WANAUME na WANAWAKE yanafanana kwa herufi nne za mwanzo, najua, lakini kuanzia ya tano yanaachana kabisa, na nukta moja ikidondoka bado msomaji ataona kuna kasoro. Hataingia pasipo pake.

BAKITA, kaeni na wasioona, nikitaja kwa jina Chama cha Wasioona Tanzania, pamoja na walimu wa shule zenye wanafunzi wasioona, kuanzia Buigiri kule Dodoma, na mbunifu wa herufi mmoja au wawili, mtengeneze fonti ya Kiswahili ya herufi 24 na tarakimu 10. Iwe mali ya umma. Fundi wa Kigoma, wa Pemba, wa Mbeya aipakue bure. Gharama yake haifikii ya uzio wa jengo moja, na ikishatengenezwa imetengenezwa.

Na ninyi mnaosimamia majengo, ombi langu ni gumu kidogo, kwa sababu linagusa malipo. Kibao chenye nukta nundu kisipokelewe mpaka msomaji wa nukta nundu amekipapasa na kusoma kwa sauti, na msomaji huyo alipwe kama mkaguzi mwingine yeyote. Tungefanya hivyo, vibao vyangu 40 visingepita mlangoni. Majengo yanaendelea kuinuka kule Mtumba, mji wa Serikali huko Dodoma, na kila makao makuu ya mkoa. Vibao ni kitu cha mwisho kuwekwa, kwa hiyo muda bado upo.

Nimeshaanza kwa uwezo wangu. Nimechora herufi 12 na kutengeneza vibao vitano vya nyumbani kwa shangazi: JIKO, CHOO, MAJI, DAWA na STOO. Akriliki nyeupe, herufi nyeusi bapa kwa wenye uoni hafifu, na kila nukta ni gololi ndogo iliyoshindiliwa ndani ya tundu lake. Shangazi alinirudisha mara tatu. Mara ya kwanza nafasi kati ya seli zilikuwa finyu, akasoma herufi mbili kama moja. Mara ya pili gololi zilikuwa na makali. Mara ya tatu alisoma vyote vitano bila kusita, isipokuwa W ya DAWA, ambayo aliisema sawa lakini akasema nukta ya 6 imelala kidogo. Ilikuwa imelala kweli.

Mwezi uliopita mjukuu wake, wa darasa la tatu, alimfuata jikoni akamwambia, "Bibi, J ya kwenye mlango imepungua moja." Hakuna aliyemfundisha nukta nundu mtoto yule. Aliikuta gololi chini ya zulia, akaitia mfukoni, akanisubiri nije.

Vibao hivyo niko tayari kuvileta ofisini kwenu, pamoja na michoro yangu na vipimo vyote, bila malipo. Shangazi amesema atakuja nami ili avisome mbele yenu. Anaomba iwe siku yoyote isipokuwa Alhamisi, ambayo ni siku yake ya kliniki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa mabango,
Buguruni, Dar es Salaam